"Heri ya Mkoloni": Mkuyuni, Kumbukumbu na Usawa wa Rangi

Masika yakichachamaa na barabara ya Bigwa hadi Kisaki ikageuka tope, mikungu ya ndizi huanza kuiva kando ya njia pale Mkuyuni, kwenye milima ya Uluguru mkoani Morogoro, kabla lori halijafika. Hapo ndipo utakaposikia, barazani au kwenye kijiwe cha kahawa, mzee akisema: heri ya mkoloni. Atataja dawa zilizokuwa zikipatikana kwa wamisionari, shilingi iliyonunua vitu, karani aliyefika kazini kwa saa yake. Kauli hiyo haikuzaliwa Mkuyuni wala haiishii hapo. Inasikika Kiroka, Kinole, Tawa na Matombo, inasikika Morogoro mjini, inasikika ndani ya daladala za Dar es Salaam. Vijana huiona ni uzee tu. Wasomi huikemea kuwa ni utumwa wa mawazo. Mimi naona inastahili jibu la maana, kwa sababu ndani yake mna dai la haki juu ya leo na kumbukumbu pungufu juu ya jana, na jana hiyo ilikuwa dola iliyompangia mtu shule, mshahara, kitanda cha hospitali na hata chupa ya pombe kwa kuangalia ngozi yake.

Tuanze na yale ambayo mzee yuko sahihi. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907, enzi ya Mjerumani, na kufikia 1914 ilikuwa imefika Kigoma. Mashamba ya mkonge yaliuzunguka mji, Kingolwira, Tungi, Pangawe, Mazimbu, na Uhuru ulipopatikana Tanganyika ilikuwa ikiongoza duniani kwa zao hilo. Mwaka 1964 nchi ilitoa takriban tani 230,000. Kisha nyuzi za viwandani zikaangusha bei, mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ikataifishwa, na katika miaka iliyofuata uzalishaji ukaporomoka kiasi cha kutisha. Aliyeona malori ya katani utotoni mwake, akaja kuona mashamba hayohayo yamemezwa na vichaka, haoti. Anasimulia alichokiona.

Lakini shamba la mkonge lilikuwa picha kamili ya nchi ilivyopangwa. Meneja alikuwa Mzungu. Karani na fundi mara nyingi alikuwa Mhindi. Aliyekata mkonge kwa kipande, yaani kadi ya kazi, mikono ikichomwa na miiba na utomvu, alikuwa Mwafrika, na wengi wao walikuwa manamba walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya mbali. Ngazi hizo tatu zilikuwa ndizo ngazi za kila kitu. Shule zilikuwa za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kila moja na bajeti yake. Dar es Salaam Mzungu alitibiwa Ocean Road akipunga upepo wa bahari, Mwafrika alipelekwa Sewa Haji. Baraza la Kutunga Sheria lilianza mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, hawakuingia hadi 1945. Miaka kumi baadaye Serikali ilitangaza kuwa sasa kuna uwiano: viti kumi vya Waafrika, kumi vya Wahindi, kumi vya Wazungu. Mamilioni ya watu walipewa viti sawa na jamii ya Wazungu iliyohesabika kwa maelfu, na jambo hilo likaitwa maendeleo.

Hata duka la Mhindi au la Mwarabu, ambalo wengi bado wanalikumbuka kwa hasira au kwa upendo, lilikuwa na sheria nyuma yake. Serikali ya Mwingereza ilibana mikopo kwa Waafrika: deni la Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya ofisa wa serikali, hivyo tajiri wa mjini hakuona sababu ya kumkopesha mali. Mluguru aliyetaka kufungua duka alianza na fedha taslimu au hakuanza kabisa. Watu wakaja kuamini kwamba Mhindi amezaliwa na biashara na Mwafrika amezaliwa na jembe. Imani hiyo ilidumu kuliko sheria iliyoizaa, na bado iko nasi.

Kwa nini basi mzee wa Mkuyuni hayakumbuki haya? Sababu ya kwanza ni hesabu tu. Mwenye miaka 80 leo alikuwa hajatoka katika ujana wake Uhuru ulipopatikana mwaka 1961. Anachokumbuka ni utoto: nguvu za baba yake, wingi wa maji mtoni, adabu ya vijana waliokuwa rika lake. Waliolipa kodi ya kichwa wakiwa watu wazima, waliofungwa kwa kushindwa kuilipa, waliobeba mizigo ya majeshi ya Mwingereza na Mjerumani mwaka 1916 vita vilipoizunguka milima ya Uluguru kuelekea Duthumi na Kisaki, hao wamekwishatangulia mbele ya haki.

Sababu ya pili ni ngumu zaidi. Milimani ubaguzi ulikuwa kamili kiasi kwamba haukuonekana. Mtu wa Dar es Salaam alipita kila siku mbele ya klabu asiyoruhusiwa kuingia. Mtu wa Mkuyuni hakuwa na klabu ya kupita mbele yake. Mzungu kwake alikuwa padri wa Matombo au bwana DC aliyepanda mlima mara moja moja. Aliyekuja kudai kodi alikuwa tarishi mweusi, aliyehukumu barazani alikuwa Mluguru mwenzake, na juu yao alikaa Sultani wa Waluguru, cheo ambacho utawala wa Mwingereza ulikikuza ili milima yenye koo nyingi, kila ukoo na ardhi yake na mndewa wake, ipate mtu mmoja wa kupokea amri. Mfumo huo ulimficha mwenye mali nyuma ya nyapara. Ndiyo maana wapo wanaomkumbuka nyapara kwa uchungu na mwenye mali kwa heshima.

Na hata hivyo Uluguru ina kumbukumbu yake yenyewe inayotosha kuipinga kauli ya heri ya mkoloni, nayo ni kumbukumbu ya matuta.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Serikali ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Mabwana shamba waliona, na hawakukosea, kwamba udongo unamomonyoka, misitu inarudi nyuma, na mto Ruvu unaotoka humo milimani unabeba matope hadi bondeni. Dawa waliyoichagua ni matuta ya ngazi. Kila kaya ilitakiwa ichimbe mteremko wake uwe kama ngazi za nyumba, kwa siku maalumu za kila wiki, chini ya macho ya wasimamizi. Asiyechimba alitozwa faini au alifungwa. Hakuna aliyelipwa.

Matuta hayo hayakufaa. Udongo wa Uluguru wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukikata ngazi mahali penye mteremko mkali unaufukia ule mzuri na kuuweka juu ule mwekundu usiootesha kitu. Wanawake, ambao ndio waliokuwa na jembe mkononi muda mwingi, waliliona hilo mavuno ya kwanza tu. Wakulima walisema, na hawakusikilizwa, kwa kuwa dola ile haikuwa na mahali ambapo mkulima mweusi angeweza kusema jambo la kitaalamu na likachukuliwa kuwa la kitaalamu. Hapa ndipo rangi inapoingia katika habari inayoonekana kuwa ya udongo. Bwana shamba hakuwa lazima mtu mkatili. Alikuwa na yakini kwamba ujuzi una rangi.

Kulikuwa na hofu nyingine pia: kwamba shamba likishachimbwa matuta litakuwa mali ya Serikali, kisha litagawiwa Wazungu. Maofisa waliiita hofu hiyo ujinga. Lakini mwaka 1951 kule Meru, Engare Nanyuki, Serikali hiyohiyo iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 kwenye ardhi yao, nyumba zikachomwa, ili ipewe walowezi, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akaenda hadi Umoja wa Mataifa kulalamika. Mkulima wa Uluguru aliyeogopa kunyang'anywa ardhi alikuwa na sababu nzuri kuliko ofisa aliyemcheka.

Julai 1955 hasira ikafurika Matombo, mwendo mfupi kutoka Mkuyuni kwenye barabara ileile. Umati ulikusanyika, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Amri ya matuta ikafa mwaka huohuo. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ilipata milimani wanachama ambao hotuba pekee zisingewapata. Mluguru mmoja, Patrick Kunambi, alikuwa miongoni mwa wale 17 walioasisi chama hicho tarehe 7 Julai 1954.

Linganisha na yaliyotokea nusu karne baadaye. Kuanzia mwaka 2006, katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye milima hiyohiyo, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha utaratibu ambao watumiaji wa maji wa Dar es Salaam, ikiwemo mamlaka ya maji na kiwanda cha Coca-Cola, waliwalipa wakulima ili wahifadhi vyanzo vya Ruvu. Wakulima walichimba matuta, wakapanda miti, wakapokea fedha. Mradi ulikuwa na kasoro zake na malipo hayakumtajirisha mtu. Lakini mteremko ni uleule, mto ni uleule, jembe ni lilelile, na safari hii mkulima alikaa mezani kama mtu mwenye kitu cha kuuza. Nikiulizwa usawa umeleta nini Uluguru, nitaanza na mfano huu kabla ya bendera na wimbo wa taifa.

Usawa huo haukuja wenyewe. Januari 1958 huko Tabora TANU ilikabiliwa na uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kuususia. Mwalimu Nyerere aliwashawishi waingie, wakaingia, na wagombea waliokubaliwa na TANU, wa rangi zote, wakashinda. Zuberi Mtemvu alijitenga na kuunda chama cha Afrika kwa Waafrika, kikashindwa vibaya. Oktoba 1961, Uhuru ukiwa umebakiza wiki chache, baadhi ya wabunge walitaka uraia ufuate rangi. Mwalimu alisema waziwazi kwamba hoja hiyo ikipita, yeye na Serikali yake watajiuzulu. Haikupita. Januari 1964 akaagiza kwamba kazi serikalini zisitolewe tena kwa kumpendelea raia mweusi dhidi ya raia mwingine. Mwezi huohuo jeshi likaasi, na kukawia kuwapandisha vyeo maofisa weusi kulikuwa miongoni mwa manung'uniko. Siasa ya usawa ilikuwa na gharama na viongozi waliijua.

Wapiga kura wa Morogoro wana nafasi yao katika habari hii, na sidhani kama wanasifiwa vya kutosha. Kwa miaka mingi mbunge wao alikuwa Amir Jamal, Mtanzania wa asili ya Kihindi aliyekuwa pia waziri wa fedha wa Mwalimu. Jimbo lenye watu weusi karibu wote lilimchagua mtu ambaye kwa hesabu za mkoloni angetakiwa awakilishe watu wa rangi yake tu.

Mji huohuo ukawa darasa kwa wengine. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi Mei mosi 1969, ANC ya Afrika Kusini ilifanya Morogoro mkutano wake mkuu wa uhamishoni, na hapo ikaamua kwamba watu wasio weusi wanaweza kuwa wanachama wake kamili huko nje. Halmashauri yake kuu ilibaki imefungwa kwao hadi 1985, lakini mlango wa kwanza ulifunguliwa hapa. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania ikawapa eneo la Mazimbu, lile shamba la mkonge. Wakajenga shule, hospitali na mashamba, na kuiita shule hiyo kwa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Mwaka 1992 waliikabidhi kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Mwanafunzi anayetoka Mkuyuni kwenda kusoma Mazimbu anaingia mahali ambapo babu yake angeingia kwa kipande tu.

Nisingependa msomaji adhani naisafisha historia yetu. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo iliandikwa bila kutaja rangi, lakini waliopoteza nyumba wengi wao walikuwa raia wa asili ya Asia, na maelfu waliondoka nchini. Mapema miaka ya 1990 mahubiri dhidi ya "magabacholi", jina la kejeli kwa wafanyabiashara wa Kiasia, yalishangiliwa na umati mjini, na hoja ya uzawa iliyofuata ilikuwa na upande wa haki, kumtafutia Mwafrika mtaji alionyimwa na sheria za kikoloni, na upande uliorudi kulekule kwa Oktoba 1961. Zanzibar jeraha ni bichi zaidi. Wapo wanaokumbuka enzi ya Sultani kama bustani ya ustaarabu, na wapo ambao kwao enzi hiyo ni mashamba ya karafuu na mababu waliouzwa. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuvunja mpangilio wa zamani kwa damu ya watu waliouawa kwa sababu ya asili yao. Pande zote mbili zina kumbukumbu za kweli, na hakuna upande unaoweza kujenga haki kwa kusahau wafu wa upande mwingine.

Kisha iko kumbukumbu ya pili, inayosikika sana siku hizi: enzi ya Mwalimu. Morogoro ilikuwa mji wa viwanda vya viatu, ngozi, turubai na magunia. Baba alitoka Mkuyuni akapata kazi, akapata mshahara na sare. Kiwanda cha viatu kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia kiuze viatu Ulaya, hakikuwahi kufikia hata sehemu ndogo ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilikuwa kimefungwa. Wanaoikumbuka enzi hiyo wanasahau foleni za sukari na sabuni. Lakini wanachokumbuka ni kitu halisi: kwamba mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima waliweza kukaa dawati moja shule ya bweni. Kumbukumbu hii ni ya usawa, na kwa hiyo inatuuliza swali zito kuliko ile ya mkoloni.

Mwandishi wa Afrika Kusini Jacob Dlamini, katika kitabu chake Native Nostalgia cha mwaka 2009, aliandika juu ya watu weusi wanaoukumbuka kwa upendo utoto wao wa enzi ya ubaguzi. Hoja yake ni kwamba kuikumbuka mitaa yako na majirani zako hakuna maana ya kuutaka ubaguzi urudi. Naikubali. Inatofautisha pia mzee wa Mkuyuni na yule Mmarekani mweupe anayetamani miaka ya 1950: huyu wa pili anakumbuka nafasi aliyopewa yeye kwa kunyimwa mwingine. Mluguru hakupewa nafasi yoyote. Anaposema heri ya mkoloni anamtumia mkoloni kama fimbo ya kumchapia kiongozi wa leo, kwa kuwa anajua hakuna fimbo itakayomuuma zaidi.

Kwa hiyo hatari ninayoiona ni nyingine. Fimbo ikitumika sana, wajukuu huanza kuiamini. Mwalimu alizoea kukumbusha kwamba tulipopata Uhuru watu wazima 85 katika kila 100 hawakujua kusoma, na madaktari wazalendo nchi nzima walikuwa 12. Umri wa kuishi ulikuwa miaka 40 na ushee, leo umepita 65. Kijana asiyejua hayo anasikia tu kwamba Mzungu alikuwa bora, kisha anaona mkorogo dukani, anaona ofisini mgeni mweupe akitangulizwa mbele ya foleni, na vyote hivyo vinamwambia jambo moja. Usawa wa rangi tuliuandika katika sheria mapema kuliko wengi. Katika macho na mazoea bado haujafika, na pengo lililokua baadaye, kati ya mtoto wa Kinole anayekaa chini darasani na mtoto wa Dar es Salaam anayepelekwa shule kwa gari, ni pengo la watu wa ngozi moja. Hilo mkoloni hahusiki nalo. Tunahusika sisi.

Kumkemea mzee hakutasaidia. Dai lake la barabara na dawa ni halali, na halmashauri ina wajibu wa kulijibu kwa barabara na dawa. Kumbukumbu yake pungufu ijibiwe kwa kumbukumbu kamili. Mtoto wa shule ya msingi Mkuyuni anaweza kusoma habari za Vita vya Majimaji bila kuambiwa kwamba mwaka 1955, kwenye barabara hiihii, watu wa milima yake waliikataa amri ya matuta na mmoja wao akafa kwa risasi. Walimu wa Mkuyuni, Kiroka na Matombo hawahitaji kusubiri mtaala mpya ili kulifundisha hilo. Aliyekuwa na miaka 15 siku ile sasa ana zaidi ya 80, na baadhi yao bado wapo vijijini. Wenye simu za kurekodi, nendeni mkawaulize matuta yalichimbwaje, nani alifungwa, nani alikimbia, na nani alikuwepo Matombo. Nendeni mwaka huu.